Captain America: Civil War – Steve alikuwa sahihi kwenye mkataba, akakosea kwa rafiki yake

Nimeirudia hii muvi juzi, nadhani mara ya nne au ya tano, na safari hii nimetoka na msimamo tofauti kabisa na niliokuwa nao ilipotoka 2016. Kipindi kile mi nilikuwa timu Captain America, yaani Steve Rogers, sisikii la mtu, ukiniambia Tony Stark, yaani Iron Man, ana hoja nakuona hata muvi hujaielewa. Sa hivi siwezi kusema nimehamia kwa Tony, hapana, kuhusu ule mkataba bado naona Steve Rogers alikuwa sahihi. Ila kuna kitu alimfanyia Tony ambacho miaka yote nilikuwa nakipita juujuu tu, na ndo kimenifanya nikae niandike. Naongea kila kitu humu mpaka mwisho wake, kama hujaiona kaione kwanza halafu urudi.

Madairekta ni ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, urefu wake dakika 147, na kabla hujaicheki hakikisha umeona The Winter Soldier ya 2014 na Age of Ultron ya 2015, la sivyo utaona watu wanapigana hujui wanadaiana nini. Chimbuko lake ni katuni za Marvel za 2006 mpaka 2007 zenye jina hilohilo la Civil War, ila kule ugomvi ulikuwa masupahiro wajisajili serikalini na wataje majina yao ya kweli, huku wameugeuza ukawa suala la nani anawatuma kazini na nani anawauliza wakiharibu. Mabadiliko mazuri sana hayo. Swali la kuficha sura ni la masupahiro peke yao, swali la nani anakuuliza ukiharibu ni la kila mtu aliyewahi kushika madaraka.

Inaanza Lagos. Avengers, kundi la masupahiro la Steve na Tony, wanamfukuzia mhalifu Rumlow aliyeiba silaha ya kibaolojia, jamaa akibanwa anajilipua, Wanda, mmoja wa Avengers, anauzuia ule mlipuko na kumnyanyua juu ili watu wa sokoni pale chini wasife, nguvu zinamshinda, mlipuko unapiga jengo la pembeni na ndani kulikuwa na watu, wakiwemo raia wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, waliokuja kwa kazi ya misaada. Baada ya hapo Ross, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, anawawekea mezani Mkataba wa Sokovia. Nchi 117 zimeshaukubali. Kuanzia hapo Avengers watakuwa chini ya jopo la Umoja wa Mataifa, wataenda pale tu wanapotumwa, asiyetaka astaafu.

Ile sini ya kujadiliana mkataba pale sebuleni kwao ni moja ya sini bora za kuongea kwenye muvi zote za supahiro, na nasema hivyo huku najua wengi wanairuka waende kwenye ngumi. Vision, mwenzao ambaye ni kiumbe wa kutengenezwa, anatoa hesabu yake, kwamba tangu Stark ajitangaze kuwa Iron Man watu wenye nguvu wameongezeka, na matukio ya kutisha dunia nayo yameongezeka, huenda nguvu zenyewe ndo zinaita wa kuzijaribu. Rhodes, rafiki wa Tony anayevaa suti kama yake, anasimama na sheria, Sam, rafiki wa Steve, anasimama na Steve. Tony kanyamaza muda wote, amechoka, anaulizia nani kaharibu sinki la jikoni, halafu bila kutangaza chochote anawawekea picha ya kijana aliyekufa Sokovia. Sisi watazamaji tumeshamwona mama wa yule kijana, alimkabili Tony akamwambia kwamba mwanae kafa na anamlaumu yeye. Kwa hiyo Tony pale hatetei mkataba kama mwanasheria, anaongea kama mtu aliyetengeneza Ultron, roboti aliyemgeuka, bila kuwaambia wenzake, mji mzima ukabebwa juu, na sasa anataka awepo mtu wa kumshika mkono.

Steve naye anajibu vizuri. Jopo ni watu, na watu wana maslahi yao, na maslahi hubadilika, je wakitutuma mahali ambapo hatutakiwi kwenda, je kuna mahali tunahitajika wakatukatalia? Huyu ni mtu ambaye muvi iliyopita aligundua shirika alilokuwa analitumikia, SHIELD, limejaa watu wa Hydra, kundi la siri la maadui, ndani kwa ndani. Ukimwambia aamini ofisi nyingine unamwomba kitu kikubwa. Hapo mi namwelewa na nitaendelea kumwelewa.

Kinachoniuma ni kwamba wote wawili wanaongea kutoka kwenye kidonda, na hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzie kidonda kiko wapi.

Sasa njoo kwenye sini ambayo ndo kiini cha muvi yote kwangu, Berlin, baada ya Bucky, rafiki wa Steve wa tangu utotoni ambaye Hydra ilimgeuza muuaji, kukamatwa. Mfalme T'Chaka wa Wakanda kauawa Vienna kwa bomu, Bucky anasingiziwa, Steve kamfuata Bucharest, wameshikwa wote. Tony anakaa na Steve kwenye chumba cha vioo, anamwekea kalamu mbili mezani. Ni kalamu alizotumia Rais Roosevelt 1941 kusaini sheria ya kuwapa silaha washirika wa Marekani kwenye vita, Tony kazitoa kwenye nyaraka za marehemu baba yake. Hapo Tony anaongea kirafiki, anakiri yeye na mpenzi wake Pepper wametengana kwa muda, anasema baba yake alikuwa msumbufu lakini yeye na mama waliweza kuishi pamoja mpaka mwisho. Na Steve anajibu kwamba anafurahi Howard alioa, yeye alimjua akiwa bado kijana, hajaoa.

Rudia hiyo sini taratibu. Kalamu za baba mezani, jina la baba limetajwa, ndoa ya baba na mama imetajwa, na Steve aliyekaa mbele yake anajua tangu 2014 kwamba wazazi wa Tony hawakufa kwa ajali ya gari, waliuawa na Hydra. Anajua! Na hasemi. Angekuwa na nafasi gani nyingine bora kuliko ile, hakuna bunduki, hakuna suti ya chuma, wamekaa wawili, na Tony mwenyewe ndo kafungua mlango wa hayo mazungumzo. Kwa miaka yote mi nilikuwa naiona hiyo sini kama sehemu ya kupumzikia kati ya fujo mbili, kumbe ugomvi wa Siberia unaanzia pale, kwenye kimya cha mtu mwema.

Halafu cha kusikitisha zaidi, Steve pale alikuwa karibu kusaini. Tony anamwambia mkataba unaweza kurekebishwa, Steve anasema haoni kama haiwezekani ila lazima kuwe na ulinzi fulani, ameshashika kalamu mkononi, halafu Tony anateleza ulimi kwamba Wanda hajambo, yuko kambini na Vision. Yaani kafungiwa. Vision anampikia chakula vizuri tu lakini ukweli ni kwamba haruhusiwi kutoka, na mwenyewe hajaambiwa mpaka alipotaka kwenda dukani. Tony anajitetea kwamba binti si raia wa Marekani na viza hazitolewi kwa silaha za maangamizi, Steve anamjibu kwamba ni mtoto tu yule. Kalamu inarudishwa mezani. Mazungumzo yamekufa hapo.

Hilo ni kosa la Tony, na si la kwanza wala la mwisho. Huwezi kudai watu wawe na uwajibikaji huku unamfungia mwenzio ndani bila kumwambia. Na kuna lingine ambalo watu hawalisemi kwa sababu Tom Holland anapendeza sana kumwangalia. Tony anaenda Queens, anaingia mpaka chumbani kwa mtoto wa shule, Peter Parker, yaani Spider-Man, anayechezwa na Holland, anamdanganya shangazi May kwamba ni mambo ya ufadhili wa masomo, anambeba mpaka Ujerumani kwenda kupigana na mwanajeshi aliyepigana vita ya pili ya dunia. Mtu aliyesaini karatasi ya kwamba nguvu lazima zisimamiwe, anachukua mtoto bila mlezi kujua anaenda kufanya nini. Lile jopo la Umoja wa Mataifa lilipitisha hilo? Tony anaamini usimamizi kwa ujumla, ila yeye binafsi bado anafanya anachotaka, na hiyo ndo tabia ileile iliyomzaa Ultron. Robert Downey Jr. kaicheza hiyo hali vizuri mno, muda wote macho yake ni ya mtu ambaye hajalala.

Steve naye baada ya Berlin anakusanya makosa yake. Bucky akishapata fahamu anawaeleza kwamba kuna askari wengine watano kama yeye wamegandishwa Siberia, na yule aliyejifanya daktari wa akili, Zemo, anawafuata. Steve anataja kumpigia Tony. Sam anasema hataamini, na hata akiamini nani anajua kama mkataba utamruhusu asaidie, na Steve anakubali. Basi. Uamuzi umeisha kwa sentensi mbili. Badala ya kupiga simu moja anamwita Clint, Avenger mwenzake ambaye alishastaafu ana mke na watoto, na anakubali kuletewa Scott Lang, yaani Ant-Man, ambaye katoka jela juzijuzi na ana binti mdogo, wote hao wanaishia kwenye gereza la Raft katikati ya bahari. Anakuja kumwambia Tony habari za yule daktari uwanja wa ndege, watu wameshavaa magwanda, Tony ana saa 36 alizopewa na Ross na 24 zimeshapita, nani angesikiliza hapo jamani.

Kuhusu pambano lenyewe la uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle, sita kwa sita, sina mengi. Limepangwa vizuri, kila mtu anapigana kwa tabia yake, Scott anapokuwa jitu watu huwa wanapiga kelele mpaka leo. Ila mi naona lina utani mwingi kupita uzito wa jambo, wanapigana huku wanachekeshana, na sisi tunasahau kwamba hawa ni marafiki wanaharibiana maisha. Mpaka Rhodes anapoanguka ndo unazinduka. Vision alimlenga Sam, Sam akakwepa, mwali ukampiga Rhodes, suti ikazima angani akaja chini kama jiwe, Tony na Sam wote wanamkimbilia na hakuna anayemuwahi. Anapooza miguu. Na kilichofanya hivyo siyo hasira, ni Vision, yule wa mahesabu, ambaye anakiri mwenyewe kwamba alipoteza umakini. Yule aliyekuwa na hoja iliyotulia kuliko zote sebuleni ndo mkono wake ulioleta maafa.

Baadaye Rhodes akiwa anajifunza kutembea anamwambia Tony kwamba karuka misheni 138 na yoyote kati ya hizo ingeweza kuwa ya mwisho, na bado mkataba aliusaini kwa sababu lilikuwa jambo sahihi. Namheshimu sana Rhodes kwenye hii muvi. Ndiye pekee upande ule ambaye hakusaini kwa hatia wala kwa mahesabu, alisaini kwa imani, na amelipa kwa mwili wake bila kumlaumu mtu.

Tony akishapata ushahidi kwamba daktari wa kweli aliuawa na Bucky kasingiziwa, anampelekea Ross, Ross hataki hata kusikia. Yaani kilekile Steve alichokisema sebuleni, kwamba utafika wakati kuna mahali pa kwenda na wakubwa watakataa, kinatokea mbele ya Tony mwenyewe. Anazima sauti za kamera za gerezani, Sam anamwambia waliko kwa sharti aende peke yake na aende kama rafiki, na Tony anaenda. Aliyesaini mkataba anauvunja ili akamsaidie aliyekataa kusaini. Muvi ingeishia hapo Siberia, wamekutana mlangoni, Tony kashusha silaha, tungesema wote wamejifunza.

Na hapo ndo Zemo anaweka video. Barabara, usiku, 16 Desemba 1991. Gari la Howard na Maria Stark. Bucky.

Daniel Brühl kamfanya Zemo kuwa adui ambaye hana misuli wala suti, ni baba tu aliyempoteza baba yake, mkewe na mwanae Sokovia, siku mbili anafukua vifusi mpaka anakuta miili yao. Wale askari watano keshawaua kwa risasi wakiwa usingizini, hawahitaji. Anachohitaji ni ukweli, kwa sababu anajua mle ndani ya urafiki wao kuna sehemu imeoza. Fikiria hilo kwa makini. Silaha yote ya huyu mtu ni habari ambayo Steve angeweza kuimaliza miaka miwili nyuma kwa kumkalisha Tony chini na kumwambia. Tony angelia, angevunja vitu, pengine wasingeongea miezi kadhaa, ila video isingekuwa na makali yale.

Tony anamuuliza Steve, ulijua? Steve anaanza kwa kusema hakujua kwamba alikuwa ni yeye, yaani Bucky. Tony anamkatisha, asimzungushe, ulijua? Anajibu, ndiyo. Chris Evans hapo hafanyi mbwembwe zozote, neno moja tu, na unaona uso wa Tony unavyobadilika. Kinachofuata siyo tena mambo ya mkataba. Mkataba ulishaisha habari zake zamani. Huyu ni mtoto anataka kumuua aliyemuua mama yake, na Steve amesimama katikati, na kila ngumi anayomzuia nayo Tony inasema nimemchagua huyu, siyo wewe. Bucky anapoteza ule mkono wa chuma, Steve anakita ngao kwenye kifua cha ile suti mpaka inazima, na Tony akiwa chini anamwambia hiyo ngao hastahili kuibeba, baba yangu ndo aliitengeneza. Steve anaiachia inaanguka. Mi zamani hapo nilikuwa naona Steve ni mkubwa wa moyo kuiacha. Sa hivi naona ni mtu anayejua kwamba mwenzie kasema kweli.

Tony kwenye lile pambano amekosea, sibishi. Bucky alikuwa anaendeshwa kama mashine, akili siyo yake, na Tony analijua hilo, anasema hajali, kamuulia mama yake. Ni uamuzi mbaya ambao binadamu yeyote angeweza kuufanya katika dakika zile, ila ni mbaya.

Na ndo maana T'Challa, mtoto wa Mfalme T'Chaka, ni mtu wangu kwenye hii muvi. Chadwick Boseman ana sini chache ukilinganisha na hao wawili lakini anafanya safari ndefu kuliko wote. Ameona baba yake akifa mikononi mwake, amekula kiapo cha kumuua Bucky kwa mikono yake, amemkimbiza nchi mbili, na siku anaposikia kwa masikio yake kwamba aliyefanya ni Zemo, anaamini ushahidi na anaacha. Huko ndani wenzake wanauana, yeye yuko nje kwenye theluji amekaa pembeni ya mtu aliyemuua baba yake, anamwambia kisasi kimemla Zemo, kinawala wale kule ndani, na yeye hatakubali kimle. Zemo anataka kujipiga risasi, T'Challa anaushika mkono wake. Mazungumzo ya T'Challa na baba yake kule Vienna yana Kixhosa ndani yake, na John Kani aliyemcheza T'Chaka ndiye aliyekileta, na hiyo inafanya kifo cha yule mzee kikuguse, kwa sababu dakika chache kabla umewasikia baba na mwana wakiongea kama watu wa nyumba moja.

Sasa malalamiko yangu. La kwanza, waliokufa Lagos. Muvi nzima inasukumwa na vifo vyao na hatujui hata mmoja wao jina wala sura, tunaona jengo na taarifa ya habari basi. Kijana wa Sokovia kapewa picha na mama, wa Lagos hawana chochote, na hata sini zenyewe zilipigwa Atlanta. Ukitaka nishawishike kwamba Avengers wanahitaji kusimamiwa nioneshe mtu mmoja wa pale, dakika mbili tu zingetosha. La pili, mpango wa Zemo unategemea bahati mno, Tony angechelewa Siberia nusu siku tu mambo yangekuwa mengine. La tatu, Steve kumbusu Sharon Carter muda mfupi tu baada ya kumzika Peggy, ambaye ni shangazi yake Sharon, hiyo sijawahi kuielewa na wangeitoa muvi isingepungukiwa kitu.

Kingine nilichokiona safari hii ni Bucky baada ya muvi kuisha, Wakanda, anaomba mwenyewe agandishwe tena kwa sababu haiamini akili yake. Kati ya watu wote humo ndani, yeye ndiye aliyekubali kuzuiwa bila kusukumwa na serikali wala rafiki, na Steve aliyepinga kila kizuizi anasimama pale anamwangalia na anaheshimu.

Barua ya Steve kwa Tony pale mwishoni huwa nairudia. Anasema alidhani kwa kutomwambia habari za wazazi wake alikuwa anamwepusha Tony na maumivu, kumbe alikuwa anajiepusha yeye mwenyewe, na anaomba radhi. Ni maneno ya kweli kuliko yote aliyosema kwenye muvi nzima na anayasema kwa karatasi, akiwa mbali. Pamoja na barua anatuma kasimu kadogo ka kukunja, kwamba ukinihitaji nitakuja. Tony anakaa nako. Ukija kuona Infinity War ya 2018 utamkuta bado anatembea nako mfukoni, siku dunia inapovamiwa anakatoa, anakafungua, anakaangalia, anasita, na anayekuja kupiga ile simu ni Bruce Banner, yaani Hulk.